Springi Laini, Ganda Gumu

Kwa miaka kadhaa nilifanya kazi ya kufunga na kutunza seismomita, yaani vyombo vya kunasa mitetemo ya ardhi, katika Bonde la Ufa, upande wa kaskazini mwa Tanzania, na kila nilipoingia kijijini na masanduku yangu swali lilikuwa moja: je, chombo hiki kitatuambia tetemeko linakuja lini? Nilijibu kwamba hapana, hakitabiri, kinapima tu lililokwisha kutokea. Jambo ambalo sikulisema, kwa kuwa lingehitaji mchana kutwa na birika mbili za chai, ni kwamba chombo kile kilipata sehemu kubwa ya ubora wake kwa sababu ya mabomu. Ganda lake, saketi zake, hata desturi ya kukiteremsha chini kabisa ya shimo, ni matunda ya fedha na hofu za watu waliotaka kujua kama mpinzani wao amelipua silaha ya nyuklia ardhini kisha akanyamaza.

Habari za silaha hizo huwa tunazisoma kupitia mikutano, hotuba na kura za Umoja wa Mataifa. Hilo si kosa, ila linaacha nje upande wa fundi. Ubishi uliochelewesha kupigwa marufuku kwa majaribio ya nyuklia ulikuwa, kwa sehemu isiyo ndogo, ubishi juu ya utulivu wa mashine: kama kuna chombo kinachoweza kukaa kimya vya kutosha, mahali pabaya vya kutosha, kwa miaka mingi, kikasikia mlipuko mdogo kutoka mbali bila kuuchanganya na pumzi yake chenyewe.

Tarehe 19 Septemba 1957 Wamarekani walilipua bomu la kilotoni 1.7 ndani ya handaki lililochimbwa mlimani katika uwanja wao wa majaribio wa Nevada. Jaribio hilo waliliita Rainier, na ndilo la kwanza ambalo mlipuko wake ulifungiwa wote chini ya ardhi. Kabla ya hapo bomu lilijitangaza lenyewe kwa wingu, mwanga na vumbi lenye mnururisho ambalo ndege ziliweza kulikusanya angani. Sasa kilichobaki kusema habari zake kilikuwa mtetemo tu. Machi 1958 Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani ilitoa taarifa kwamba mtetemo wa Rainier haukunaswa zaidi ya umbali wa kilomita 400 hivi. Mwandishi wa habari I. F. Stone, aliyekuwa akichapa kijarida chake mwenyewe, hakuridhika. Alikwenda kuuliza katika ofisi nyingine ya serikali iliyokuwa ikikusanya kumbukumbu za matetemeko, akakuta orodha ya vituo vilivyounasa mlipuko ule, na cha mbali zaidi kilikuwa Alaska, yapata kilomita 3,700 kutoka Nevada. Tume ikalazimika kusahihisha taarifa yake.

Uzito wa nambari hizo mbili ni rahisi kuuona ukichukua ramani. Kama bomu dogo linasikika kilomita 400 tu, basi ili kuulinda mkataba wa kupiga marufuku majaribio utahitaji kuijaza nchi kubwa kama Urusi ya Kisovieti vituo vya wageni, jambo ambalo hakuna serikali ingelikubali. Kama linasikika kilomita 3,700, hesabu inabadilika kabisa. Wataalamu kutoka pande zote mbili za Vita Baridi walipokutana Geneva mwezi Julai na Agosti 1958, walipendekeza vituo vipatavyo 170 vya nchi kavu duniani kote pamoja na meli 10. Kabla ya mwaka kwisha, majaribio mengine ya Nevada yalionyesha kwamba ishara za milipuko ni dhaifu kuliko walivyodhani, na kwamba matetemeko ya asili yanayofanana na bomu la ukubwa fulani ni mengi zaidi. Wasovieti walikasirika, wakaona wenzao wanaivunja hesabu iliyokwisha kukubaliwa. Nadhani hasira yao ilikuwa na sababu, lakini vipimo vilikuwa ndivyo.

Jopo lililoongozwa na Lloyd Berkner lilisema wazi mwaka 1959 kwamba elimu ya mitetemo ilikuwa haijaandaliwa kwa kazi hii, ikahitaji vyombo bora, vituo vingi na fedha. Hapo ndipo ulipozaliwa mradi wa Marekani uitwao Vela Uniform. Mtu yeyote aliyewahi kugusa seismomita ya kisasa amekula mezani pa mradi ule, apende asipende.

Tunda lake la kwanza kubwa lilikuwa mtandao wa dunia wa vituo vyenye vyombo vya aina moja, ulioanza kujengwa mwaka 1961 na kufikia vituo vipatavyo 120. Nairobi ilipata kituo, Addis Ababa pia. Kila kituo kilipewa seismomita tatu za mitetemo ya kasi na tatu za mitetemo ya polepole, saa ya fuwele, na mitungi ya kuzungusha karatasi za picha ambazo zilioshwa gizani kila siku. Karatasi hizo zilipigwa picha za filamu ndogo na mtaalamu wa nchi yoyote aliweza kununua nakala. Nimewahi kushika mojawapo ya seismomita zile za kasi, za muundo wa Hugo Benioff, na neno kushika hapa ni la adabu tu, kwa maana uzito unaoning'inia ndani yake peke yake ni kilo 107.5.

Kwa nini uzito wote ule? Seismomita, ukiivua mapambo, ni kitu kizito kilichotundikwa. Ardhi inapotikisika, fremu inakwenda nayo lakini kile kizito kinabaki nyuma kidogo, na tofauti kati yao ndiyo habari tunayoitaka. Sasa fikiria kiasi cha habari chenyewe. Mahali patulivu hasa, mbali na bahari na barabara, ardhi hucheza kwa mizunguko ya sekunde moja moja kwa kiasi kisichofika nanomita moja, yaani sehemu moja ya mita iliyogawanywa mara bilioni, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Katika kiwango hicho hata hewa ni adui. Molekuli zake zinakipiga kile kizito kutoka kila upande bila mpango, nacho hutetemeka. Joto lililo ndani ya springi nalo huleta mtikisiko wake. Kitu chepesi kikipigwa na punje hizo huyumba, na kizito huyumba kidogo zaidi. Kilo 107.5 zilikuwa njia ya kununua ukimya kwa chuma.

Mafundi tunaita kelele kitu chochote kilichomo kwenye mstari wa kumbukumbu ambacho si kile unachokitafuta, na kelele ni za aina mbili: za ardhi na za chombo. Kelele ya ardhi ina umbo linalojulikana. Mwaka 1993 Jon Peterson wa maabara ya Albuquerque alikusanya kumbukumbu za vituo vya dunia nzima akachora mstari wa chini kabisa, utulivu ambao ardhi haiendi chini yake, na mstari huo mpaka leo hutumika kama rula ya kupimia kila kituo na kila chombo kipya. Katikati ya mchoro wake kuna nundu kubwa, hasa kwenye mizunguko ya sekunde tano hadi nane. Hiyo ni bahari. Mawimbi ya maji yanayopishana yakielekea pande tofauti hukanyaga sakafu ya bahari kwa mpigo, na mpigo huo husafiri bara zima. Sisi tuliokuwa mamia ya kilomita kutoka pwani tuliuona ukivimba katika miezi ya kusi, na mwenzangu mmoja mzaliwa wa Tanga alikuwa akitazama skrini na kusema leo ngalawa hazitoki.

Mwindaji wa mabomu anajipenyeza pande zote mbili za nundu ile. Upande wa kasi, karibu na sekunde moja, ndipo yanapofika mawimbi ya msukumo yapitayo ndani ya dunia, ambayo mlipuko huyatoa kwa nguvu kwa sababu unasukuma mwamba pande zote kwa mara moja. Upande wa polepole, karibu na sekunde 20, ndipo yalipo mawimbi yanayotambaa juu ya uso wa ardhi, ambayo tetemeko la kawaida huyatoa kwa wingi kwa sababu ni mwamba unaoteleza juu ya mwamba kwenye eneo pana. Ukilinganisha hayo mawili utajua kama ni bomu au tetemeko: bomu hupiga kelele ya msukumo, kisha lina uhaba wa mawimbi ya kutambaa. Lakini kulinganisha kunadai upate vyote viwili, na kwa tukio dogo mawimbi yale ya sekunde 20 huwa hafifu mno. Kwa hiyo chombo kinatakiwa kiwe kimya kwenye sekunde 20 kama kilivyo kimya kwenye sekunde moja. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu.

Chukua springi ya kawaida, itundike, ifungie kitu kizito, halafu itake ipande na kushuka mara moja kwa kila sekunde moja. Itanyooka kwa sentimita 25 hivi kutokana na ule uzito, na kazi imekwisha. Sasa itake ichukue sekunde 20 kwa mpembeo mmoja. Hesabu ni ile ile ya shule ya sekondari, na jibu lake ni kwamba springi itanyooka kwa karibu mita 99. Hakuna sanduku la mita 99. Anayetajwa kwa kulitegua fumbo hili ni Lucien LaCoste, aliyekuwa mwanafunzi huko Texas katika miaka ya 1930: alipendekeza springi iliyosokotwa kwa mkazo tangu kiwandani, kiasi kwamba nguvu yake inalingana na urefu wake wote, kana kwamba urefu wake wa asili ni sifuri, akaifunga kwa mshazari kwenye mkono wenye bawaba. Mkono huo ukipanda au kushuka kidogo, nguvu za kuurudisha zinakaribia kufutana, na mpembeo unakuwa wa polepole mno ndani ya kisanduku unachoweza kukikumbatia. Seismomita za polepole za mtandao wa 1961, zile za kupima wima, zilitegemea hila hiyo.

Lakini angalia umenunua nini. Chombo ambacho nguvu zake za kurudi zinakaribia sifuri ni chombo kinachokubali kusukumwa na chochote. Joto likipanda kwa sehemu ndogo ya digrii, springi inalegea na mkono unashuka hadi kugota chini. Mgandamizo wa hewa ukibadilika, kizito kinaelea zaidi kidogo au pungufu kidogo, kama boti. Ulaini ndio unaoleta usikivu, na ulaini huo huo ndio unaofanya chombo kisivumilie safari, jua, wala mlinzi anayefungua mlango kuona kama wageni wamo. Miaka mingi ya kazi ya wahandisi wa fani hii imekwenda kwenye jambo hilo moja: kupata kitu chenye springi laini na ganda gumu kwa pamoja.

Suluhisho lililokuja katika miaka ya 1970 na 1980 linanishangaza bado, ingawa nimelifungua na kulifunga mara nyingi. Badala ya kukiacha kizito kicheze, unakizuia. Mabamba mawili membamba ya chuma yanakipima mahali kilipo kwa umeme, na kikihama hata sehemu ndogo ya nanomita, saketi inapeleka mkondo kwenye koili iliyo ndani ya sumaku ili kukirudisha pale pale. Kizito hakiendi popote, na mkondo uliotumika kukishikilia ndiyo kumbukumbu yako ya mtetemo. Springi haibabaiki kwa kuwa hainyooki, tetemeko kubwa halikigotishi mapema, na chombo kimoja kinaweza kusikia vitu vinavyopishana ukubwa mara milioni kumi. Erhard Wielandt na Gunar Streckeisen, waliotengeneza chombo cha springi ya ubapa cha aina hii huko Ulaya, hawakuwa wakiwinda mabomu. Walitaka kusikia dunia inavyovuma yote kwa pamoja baada ya tetemeko kubwa. Hata hivyo wawindaji wa mabomu walikuwa miongoni mwa waliokikumbatia. Chombo chao cha kwanza, kilipoboreshwa, kilisikia mizunguko ya sekunde 360. Ukitaka kuifikia kwa springi ya kawaida, rudi kwenye hesabu yetu uone: kilomita 32.

Kikawa kimya kuliko vyote, na kikawa msumbufu kuliko vyote. Kiliwekwa chini ya kengele ya kioo iliyofyonzwa hewa, kikavikwa kinga ya sumaku, na kila upande ukawa na chombo chake. Kilichokifuata kiliweka vipimo vitatu vinavyofanana ndani ya chungu kimoja, kila kimoja kikiwa kimelala kwa pembe ile ile kutoka wima, mpango uliobuniwa na Msovieti Evgeny Galperin. Uzuri wake ni kwamba vikizeeka vinazeeka pamoja.

Sasa habari ya ugumu wa ganda. Nilianza kazi nikiamini kwamba chombo cha thamani ile kinajilinda chenyewe. Siku moja tulipokea chombo kilichoazimwa kutoka mahali fulani, kimefungwa vizuri kwenye sanduku la povu, ila aliyekifunga alisahau kukaza skrubu tatu za kufungia vile vizito kabla ya safari. Kilikuja kilomita mia kadhaa za changarawe kikiwa huru ndani. Kilipowashwa kiliwaka bila lawama. Kilitoa mstari, na mstari ulionekana mzuri, mpaka usiku joto lilipoanza kushuka na mstari ukaanza kuruka hapa na pale, vijiruko vidogo kama mtu anayevunja njugu. Kijibamba cha springi, kile kipande chembamba kinachopinda badala ya bawaba, kilikuwa kimejeruhiwa mahali ambapo jicho halioni. Chombo kilichovunjika ungekirudisha siku ile ile. Hiki kiliendelea kutoa uongo wa kistaarabu kwa wiki sita kabla hatujakikamata.

Ndiyo sababu wabunifu wa vituo vya kulinda mkataba hawakutosheka na chombo kimya tu. Walitaka kitakachoteremshwa shimoni na kusahauliwa. Kampuni ya Geotech ya Texas ilitengeneza katika miaka ya 1970 chombo kilichoitwa KS-36000, bomba refu la chuma lenye vipimo vitatu ndani, cha kushushwa kwenye shimo la mita 100 hivi. Kina hicho kina maana yake. Upepo ukiusukuma mti, mzizi unainamisha udongo. Jua likiupiga mwamba, mwamba unapinda. Na seismomita inayopima mtikisiko wa kwenda upande hushindwa kutofautisha kuinama na kusukumwa. Ukiinua ncha moja ya ubao wenye urefu wa kilomita 1,000 kwa milimita moja, mwinamo huo unatosha kuonekana waziwazi kwenye chombo kizuri. Mita mia moja chini, sehemu kubwa ya vurugu hizi za juu imeachwa nyuma, na joto halibadiliki usiku wala mchana. Gharama yake ni kwamba kikiharibika unakitoa kwa winchi na maombi.

Shimo lina faida nyingine ambayo mtu wa matetemeko ya kawaida hangeifikiria. Katika mazungumzo ya miaka ya 1970 lilizuka wazo la kuweka vituo visivyo na mlinzi ndani ya nchi ya mpinzani. Sasa unamwaminije mwenye nchi asichezee? Chombo kilicho shimoni kinajilinda, kwa kuwa anayejaribu kukigusa anaandikwa na chombo chenyewe. Palipobaki na tundu ni kwenye waya wa kupeleka taarifa juu. Gustavus Simmons na wenzake wa maabara ya Sandia walishughulika na swali hilo: taarifa zitiwe saini ya hesabu ambayo mwenye nchi anaweza kuihakiki lakini hawezi kuighushi, na zisomeke wazi ili naye awe na hakika kwamba hakuna ujasusi uliofichwa humo. Sehemu ya elimu ya saini za kidijitali imepita humo, kwenye shimo la seismomita.

Jaribio halisi la imani lilitokea Julai 1986, na halikufanywa na serikali. Wasovieti walikuwa wamesitisha majaribio yao tangu Agosti 1985, na Washington ilishikilia kwamba hakuna njia ya kuhakikisha. Shirika la mazingira la Marekani, Natural Resources Defense Council, likaafikiana na Akademia ya Sayansi ya Kisovieti, na wanasayansi wa Kimarekani wakafunga vyombo vyao huko Karkaralinsk, Kazakhstan, si mbali na uwanja wa majaribio wa Semipalatinsk. Walikuta itale ngumu, ya kale, inayopitisha mitetemo ya kasi kwa umbali mrefu bila kuimeza, na utulivu wa nyika. Wasovieti waliporudia majaribio Februari 1987, masharti yalitaka vyombo vizimwe wakati wa mlipuko. Mtu anaweza kucheka. Mimi naona kwamba kule kuvifunga tu, wapinzani wawili wakichimba shimo moja, kulijibu hoja ambayo karatasi zilishindwa kuijibu.

Kulikuwa pia na hoja ya kificho. Mwaka 1964 Wamarekani walilipua kilotoni 5.3 ndani ya chumvi huko Mississippi, na mwaka 1966 wakalipua bomu dogo la kilotoni 0.38 ndani ya pango lililoachwa na lile la kwanza. Mtetemo wa la pili ulififia mara 70 hivi kuliko kama lingezikwa ndani ya mwamba uliolibana. Anayetaka kudanganya, basi, achimbe pango. Jibu la upande wa vyombo limekuwa lile lile siku zote: punguza kelele. Sogeza vituo karibu, sikiliza mitetemo ya kasi zaidi, na weka vyombo vingi kwenye eneo moja, kwa kuwa vyombo 25 vikijumlishwa kwa mpangilio, kelele zisizofanana hufutana na ishara hujitokeza mara tano.

Kuna swali ambalo wanafunzi huniuliza na huwa nafurahi wakiuliza. Ikiwa chombo ni kimya kuliko ardhi, unaipimaje kelele yake? Huwezi kukiondoa duniani. Njia ni kuviweka vitatu bega kwa bega juu ya jiwe moja usiku kucha. Kitu ambacho vyote vitatu vimekisikia ni ardhi. Kile ambacho kimoja kinadai peke yake ni kelele yake. Ni kesi ya mashahidi watatu. Ugumu ni kwamba lazima viwe vimeelekezwa upande mmoja kwa usahihi mkubwa, la sivyo tofauti ya mwelekeo inajifanya kelele, na fundi anakisingizia chombo kisicho na hatia. Nimefanya hivyo, nikaandika barua ya malalamiko, kisha nikaifuta.

Mkataba wa kupiga marufuku majaribio yote ulifunguliwa kutiwa saini tarehe 24 Septemba 1996. Mfumo wake wa ulinzi umepangiwa vituo 50 vikuu vya mitetemo na 120 vya kusaidia, na masharti yake nayasoma kama mtu anayesoma historia yote ya juu ikiwa imebanwa kwenye ukurasa mmoja: kelele ya chombo iwe desibeli 10 chini ya utulivu wa mwisho wa mahali pale, taarifa zipatikane asilimia 98 ya wakati, ziwe na saini. Kenya ina kimoja cha vile vikuu, Kilima Mbogo, na Mbarara nchini Uganda ina cha kusaidia. Dar es Salaam ina kituo cha aina nyingine, kinachonusa chembe za mnururisho hewani.

Kwamba kazi hii ina maana kulionekana mapema. Tarehe 16 Agosti 1997 mtetemo mdogo ulinaswa upande wa Novaya Zemlya, visiwa ambako Warusi walikuwa wakijaribia mabomu, na minong'ono ya Washington ikaanza. Vituo tulivu vya Skandinavia viliuweka mahali pake: ulikuwa chini ya Bahari ya Kara, kilomita 130 hivi kutoka uwanja wa majaribio, na saa chache baadaye ulifuatwa na mwingine mdogo wenye umbo lile lile. Tetemeko. Tarehe 9 Oktoba 2006 ikawa kinyume chake: Korea Kaskazini ililipua bomu ambalo wengi walikadiria halikufika kilotoni moja, na vyombo vikalikamata kutoka mabara mengine. Mkataba wenyewe haujaanza kutumika mpaka leo, na Urusi iliondoa uridhio wake mwaka 2023, lakini mashimo yanaendelea kusikiliza.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa pembeni ya boma la mzee mmoja mfugaji, shimo la mita mbili tu lenye sakafu ya zege. Tulikisawazisha chombo, tukakifunika kwa povu na sufuria iliyopinduliwa ili hewa ya ndani isizunguke, tukafukia mchanga, tukaondoka. Siku ya kwanza mstari ulikuwa mnene, ya pili ukapungua, ya tatu ukalala chini kabisa, isipokuwa kivimbe kimoja kila alfajiri, saa kumi na mbili kasoro. Niliporudi kuchukua taarifa, nilimwamkia mzee nikamwonyesha kwenye kompyuta: hapa ni ng'ombe wako wakitoka zizini. Akaangalia kwa muda, akaweka kidole kwenye siku ya nne, ambayo kivimbe chake kilikuwa kimesogea mbele kwa nusu saa. Akasema, siku hiyo kijana alilala, na akamwita kijana aje aone.